Saikolojia ya Mwaka wa Kwanza na Watoto wa Buganda

Mwanachuo anayeanza shahada ya saikolojia, awe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Chicago, hupitishwa katika njia inayofanana sana. Anaanza na ubongo na neva, anaingia kwenye hisi na utambuzi, halafu kujifunza, kumbukumbu, makuzi ya mtoto, haiba na magonjwa ya akili, kisha anamalizia na saikolojia ya jamii. Kila mada ina kisa chake kinachorudi kila mwaka: mbwa wa Pavlov, mtoto Albert na panya mweupe, watu wa Milgram waliotii amri ya kumpiga mwenzao shoti ya umeme, watoto walioachwa na peremende moja na kuahidiwa ya pili wakivumilia. Mhadhiri anasimulia, wanafunzi wanaandika, madesa yanarudufiwa steshenari nje ya geti la chuo, na mtihani unauliza nani alifanya jaribio gani na mwaka gani. Kozi hii haikuanza hivyo. Ilianza kama mafunzo ya vitendo, ambapo mwanafunzi alikuwa mtafiti na mtafitiwa kwa zamu. Katika safari yake ya zaidi ya miaka mia moja imepata mengi, lakini imepoteza jambo ambalo bila hilo sayansi ya watu haisimami, nalo ni kumbukumbu ya mahali na watu ambao maarifa yake yalichotwa kwao. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo iko huku kwetu, kwenye vijiji vya Uganda na Kenya, na vyuo vya Afrika Mashariki ndivyo vyenye sababu ya kwanza ya kuirudisha darasani.

Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Leipzig nchini Ujerumani, Wilhelm Wundt alianzisha maabara ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya saikolojia. Chombo chake mashuhuri kilikuwa kronoskopu ya Hipp, saa iliyoweza kupima muda hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kazi ya kawaida ilikuwa hivi: mtu mmoja anakaa akiwa ameweka kidole kwenye kitufe, mlio unasikika au mwanga unawaka, naye anaitikia upesi kadiri awezavyo, huku mwenzake akisoma saa na kuandika. Baadaye wanabadilishana viti. Kubadilishana huko ndiko kunakostahili kutazamwa. Aliyepima na aliyepimwa walikuwa na hadhi moja, wanafunzi waliofahamiana, na Wundt mwenyewe alikubali kukaa kwenye kiti cha kupimwa. Kurt Danziger, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu historia ya utafiti wa saikolojia, ameonyesha kwamba kwa macho ya watu wa Leipzig, aliyepimwa ndiye aliyebeba kazi nzito zaidi, kwa sababu kutambua na kueleza kinachopita akilini kulihitaji mazoezi ya muda mrefu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wake wa kumbukumbu, na mtafitiwa alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe. Alikariri orodha nyingi za silabi zisizo na maana, akasubiri, akajipima tena, na hatimaye akachora mstari unaoonyesha jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni na polepole baadaye.

Wamarekani waliosoma Ujerumani walirudi kwao na mtindo huo. William James alikuwa amekwisha kuanza kufundisha saikolojia Harvard katikati ya miaka ya 1870. Mwaka 1878 alisaini mkataba wa kuandika kitabu cha kiada, akachukua miaka kumi na miwili, na mwaka 1890 akatoa juzuu mbili zenye takriban kurasa 1,400. Mwaka 1892 alitoa muhtasari wake, na wanafunzi wakakiita kile kikubwa James na kile kidogo Jimmy. Hapo ndipo ulipozaliwa utamaduni wa kitabu kimoja kinene kinachobeba somo zima. Lakini kwa muda mrefu kitabu hakikuwa peke yake. Edward Titchener, Mwingereza aliyesoma kwa Wundt na kuhamia Cornell mwaka 1892, alichapisha kati ya 1901 na 1905 mwongozo wa mazoezi ya maabara katika juzuu nne, nusu kwa ajili ya mwanafunzi na nusu kwa ajili ya mwalimu. Wanafunzi walifanya kazi wawili wawili. Waliinua vipimo vya uzito uliokaribiana na kusema upi ni mzito zaidi, walionja maji yenye chumvi au sukari kidogo kidogo, walisikiliza uma za sauti. Kazi hiyo ilichosha, na wengi waliilalamikia. Hata hivyo aliyeimaliza alijua kwa mikono yake jambo ambalo maneno hayafundishi kwa urahisi: kwamba namba moja ya kuaminika hutoka katika majaribio mengi, na kwamba mtu hujidanganya kwa urahisi akishajua jibu linalotarajiwa.

Mabadiliko yalikuja na wingi wa watu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vya Marekani vilifurika, na madarasa ya utangulizi wa saikolojia yakawa na mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja. Maabara ya kila mmoja haikuwezekana tena. Mazoezi yakahamishiwa miaka ya juu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akabaki na kitabu. Wakati huohuo akapewa kazi nyingine: vyuo vingi viliweka utaratibu wa kuwataka wanafunzi wa kozi ya utangulizi washiriki kama watafitiwa katika tafiti za walimu wao ili wapate maksi. Yule aliyekuwa mwenza wa mtafiti kule Leipzig sasa akawa malighafi. Tayari mwaka 1946 Quinn McNemar alikuwa amelalamika kwamba sayansi ya tabia ya binadamu iliyopo ni kwa sehemu kubwa sayansi ya tabia ya wanachuo wa mwaka wa pili. Lalamiko hilo halikubadilisha mengi. Jeffrey Arnett alipochunguza majarida sita makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani ya mwaka 2003 hadi 2007, alikuta asilimia 68 ya watafitiwa ni Wamarekani, na asilimia 96 wanatoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo kwa pamoja hazikufikia hata sehemu moja ya nane ya watu wote duniani. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba watu hao wachache, mbali na kwamba hawawakilishi walio wengi, katika vipimo vingi wako pembeni kabisa ya safu ya binadamu.

Kitabu kikishabaki peke yake, visa navyo huanza kubadilika. Mtoto Albert ni ushahidi ulio wazi. John Watson na Rosalie Rayner walichapisha jaribio lao mwaka 1920: mtoto wa miezi kumi na mmoja alionyeshwa panya mweupe, na kila alipomgusa, chuma kilipigwa nyundo kwa kishindo nyuma yake, hadi akawa analia akimwona panya tu. Ben Harris aliposoma vitabu vya kiada na kuvilinganisha na taarifa ya awali, makala aliyoitoa mwaka 1979 ilionyesha jinsi waandishi walivyokuwa wakinakiliana makosa. Baadhi walibadilisha vitu ambavyo mtoto alivihofia, wakaongeza paka au dubu wa kuchezea, na wengine walimpa Albert mwisho mwema, wakasema watafiti walimwondolea hofu ile kabla hajaondoka. Hawakumwondolea. Kisa cha Kitty Genovese, aliyeuawa New York mwaka 1964, nacho kilifundishwa kwa miongo kadhaa kama habari ya majirani 38 waliotazama kimya. Mwaka 2007 Rachel Manning, Mark Levine na Alan Collins walionyesha kwamba ushahidi hauungi mkono habari hiyo. Majaribio ya John Darley na Bibb Latané kuhusu watu wanavyochelewa kusaidia wakiwa wengi yanasimama kwa miguu yake. Simulizi lililowekwa mbele yake ndilo lililopinda. Makosa haya yalidumu kwa sababu mwanafunzi hakuwa na njia wala desturi ya kuuliza: alikuwa nani huyo aliyepimwa, alipimiwa wapi, na nani aliandika?

Maswali hayo yakiulizwa katika mada ya makuzi ya mtoto, majibu yanaleta jambo ambalo wengi wa wanafunzi wetu hawaambiwi. Nadharia ya mshikamano kati ya mtoto na mlezi imo katika kila kozi ya utangulizi. Vitabu huieleza hivi: John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa London, alitoa wazo kwamba mtoto mchanga hujengwa na maumbile kumng'ang'ania mlezi wake, Mary Ainsworth akalipima Baltimore, Marekani, kwa jaribio la Hali Ngeni, ambamo mama na mtoto huingizwa chumbani, mgeni huingia, mama hutoka na kurudi, yote kwa takriban dakika ishirini. Huwa kuna picha ya chumba chenye viti viwili na vichezeo sakafuni. Kinachokosekana hapo ni Buganda. Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 kumfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki kule Makerere. Alichagua familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto 28 ambao hawajaachishwa ziwa, na kwa muda wa hadi miezi tisa akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila safari, akiwa na mkalimani. Alikaribishwa sebuleni wakati wa mchana, saa ambazo wanawake wa Kiganda kwa kawaida hupokea wageni, akaketi, akazungumza na mama, na kutazama mtoto anafanya nini.

Alikwenda na swali ambalo halikufaa. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake ili asahau ziwa, akadhani atapata nafasi ya kuchunguza athari za kutenganishwa. Alikuta familia nyingi hazifuati tena desturi hiyo. Badala ya kulazimisha, alitazama kilichokuwepo. Aliona mtoto anatambaa kutoka miguuni mwa mama, anafika mlangoni, anageuka kumtazama, anarudi kumgusa, kisha anaondoka tena. Aliona mtoto anatulia mikononi mwa mama na kukataa kutulia kwa mtu mwingine. Alipopanga alichokiona, watoto 16 aliwaweka katika kundi la walioshikamana na mama zao kwa utulivu, 7 katika kundi la walioshikamana kwa wasiwasi, wakilia mara kwa mara hata wakiwa wamebebwa, na 5 wakawa hawajaonyesha mshikamano bado. Akatafuta kinachotofautisha makundi hayo. Walio na utulivu walikuwa na akina mama walioweza kumweleza habari za watoto wao kwa kina bila kuulizwa sana: anapenda nini, hukasirikia nini, analia namna gani akiwa na njaa na namna gani akiwa na usingizi. Wazo kwamba wepesi wa mlezi kusoma ishara za mtoto ndio msingi wa mshikamano, ambalo leo hufundishwa dunia nzima, lilichipuka katika mazungumzo hayo ya mchana na akina mama wa Kiganda. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka mwaka 1967.

Hata chumba chenye viti viwili kina asili yake huko. Kule Baltimore Ainsworth alitembelea tena familia 26, safari hii kwa takriban saa 72 kila familia, na akakuta jambo ambalo hakulitarajia: tabia ile ya mtoto kwenda na kurudi, iliyoonekana wazi katika nyumba za Waganda, ilifichika katika nyumba za Wamarekani. Watoto wa Kiganda walilia mama akiondoka. Wa Baltimore walikuwa wamezoea kumwona mama akiingia na kutoka vyumbani siku nzima, hawakushtuka. Hali Ngeni ilibuniwa ili kuwatoa watoto wa Baltimore katika mazoea yao na kuona kama watafanya kile ambacho wenzao wa Buganda walikifanya nyumbani kwao. Mpangilio wa kawaida wa vitabu unaweka Marekani kama kipimo na Afrika kama mahali pa kujaribia kipimo hicho baadaye, katika sura ya mwisho inayoitwa utamaduni. Historia inaonyesha kinyume: uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa Uganda, na chombo kilitengenezwa kwa sababu ya upekee wa maisha ya Marekani. Mwanafunzi anayeujua mpangilio huo wa kweli anaelewa nadharia vizuri zaidi. Anaelewa kwa nini kulia kwa mtoto katika Hali Ngeni kunaweza kuwa na maana tofauti kwa mtoto ambaye hajawahi kuachwa na mtu asiyemjua, na anaweza kuuliza swali ambalo Buganda yenyewe ililiibua: mtoto anayelelewa na mama, bibi, shangazi na dada mkubwa kwa pamoja, mshikamano wake upimweje?

Pingamizi la kwanza ni zito. Akili ya binadamu ni moja, watasema, na sayansi hutafuta kanuni, kwa hiyo mahali lilipofanyika jaribio ni habari ya pembeni. Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walikusanya mwaka 1988 matokeo ya Hali Ngeni kutoka tafiti 32 katika nchi nane, karibu watoto 2,000, wakakuta tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Matokeo hayo ni ya kweli na yanafaa kufundishwa. Lakini nchi zenyewe ni Marekani, Uingereza, Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Sweden, Israeli, Japani na China. Hakuna hata moja ya Afrika, bara ambako uchunguzi huo ulianzia. Na umoja wa akili ya binadamu ni jambo la kuthibitishwa kwa kupima. Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walipochapisha mwaka 1966 utafiti wao wa kiinimacho cha mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na mishale inayofunguka nje na mwingine inayofungwa ndani, walikuwa wamekipima katika jamii zaidi ya kumi, Wanyankole na Watoro wa Uganda wakiwemo. Wamarekani wa mji wa Evanston ndio waliodanganyika zaidi ya wote, na Wasan wa kusini mwa Afrika karibu hawakudanganyika kabisa. Jambo lililokuwa katika vitabu kama sifa ya jicho la binadamu likaonekana linategemea kwa kiasi fulani macho hayo yamekulia wapi. Anayetaka kanuni ya binadamu wote hana budi kuwapima binadamu wa kila namna, na kuandika wazi aliowapima.

Tena sisi huku tunajua gharama ya kutouliza. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyekuwa ameongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuhusu akili ya Mwafrika. Carothers alijenga hoja zake juu ya wagonjwa wa hospitali hiyo na maandishi ya wakoloni wenzake, akafikia kumlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha andiko lake kuhusu Mau Mau, lililogeuza madai ya ardhi na uhuru kuwa maradhi ya nafsi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefundishwa kuuliza ni akina nani waliopimwa angeibomoa hoja hiyo kwa dakika chache: wagonjwa wa akili waliofungiwa hawawezi kuwakilisha taifa. Kosa la aina hiyo hutokea hata pasipo nia mbaya. Katika miaka hiyohiyo Marcelle Geber alipima watoto wachanga Kampala na kukuta wako mbele ya watoto wa Ulaya katika kukaa na kutembea, na wapo waliolichukua hilo kuwa tabia ya kimaumbile ya Waafrika. Charles Super, aliyefanya kazi na Sara Harkness katika jamii ya Wakipsigis ya Kokwet, Kenya, alitoa mwaka 1976 jibu lililotokana na kutazama kwa karibu. Akina mama walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa, wakimweka mtoto kwenye kishimo kifupi ardhini na kumzungushia mablanketi asianguke, na wakimfundisha kutembea. Kutambaa hawakukufundisha, na katika kutambaa watoto hawakuwa mbele. Mfano huu, kwa maoni yangu, unafundisha tofauti ya maumbile na malezi vizuri kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Wapo walimu watakaosema kwamba hayo yote ni sawa kwa wanafunzi wa uzamili, ila anayeanza anahitaji picha rahisi. Ukimpa historia, mizozo na masharti ya kila jaribio, utampoteza. Walimu wanaosema hivyo wanajua hali ya ukumbi wenye wanafunzi mia nne na spika moja. Lakini nadhani wanachanganya urahisi na ufupi. Kisa cha Ainsworth sebuleni Buganda si kigumu kuliko kisa cha chumba cha Baltimore. Kwa mwanafunzi wa Mwanza au Kakamega ni rahisi zaidi, maana anaijua sebule hiyo na anaijua desturi ya kumkaribisha mgeni mchana. Kilicho kigumu kwake ni kile anachopewa sasa: maarifa yanayoonekana yameshuka kutoka kusikojulikana, ambayo hawezi kuyagusa popote isipokuwa kwa kuyakariri.

Pingamizi lingine linatoka upande wa pili. Tukimfundisha mwanafunzi kutilia shaka kila kisa, atabaki na nini? Hofu hiyo ilikua mwaka 2015, kundi kubwa la watafiti liliporudia tafiti 100 zilizochapishwa katika majarida matatu ya saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu ndizo zilizotoa matokeo hayo tena. Wako walioona hapo mwisho wa saikolojia. Mimi naona hapo somo lenyewe likirudia kazi yake ya Leipzig, yaani kurudia kipimo hadi kiaminike. Mwaka huohuo wa 2015 Jaap Murre na Joeri Dros wa Amsterdam walitoa matokeo ya kurudia jaribio la Ebbinghaus, wakapata mstari wa kusahau unaofanana na ule wa 1885. Kuchelewa kwa mtu anapotakiwa kutaja rangi ya wino wa neno linalotaja rangi nyingine, jambo ambalo John Ridley Stroop alilichapisha mwaka 1935, hujitokeza karibu kila linapojaribiwa. Mwanafunzi aliyeona kwa nini haya yamesimama na mengine yameanguka ana maarifa imara kuliko aliyeyakariri yote kwa usawa.

Mfano wa kile ambacho kozi inaweza kuzaa ikifundishwa hivyo uko katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo cha Wamarekani weusi. Idara yake ya saikolojia iliongozwa tangu 1928 na Francis Cecil Sumner, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya saikolojia, mwaka 1920. Alifundisha wakati ambapo vipimo vya akili vilitumika kudai kwamba watu wake ni duni. Miongoni mwa waliopita Howard kama wanafunzi wa shahada ya kwanza ni Kenneth Clark na Mamie Phipps. Huyu binti, kwa utafiti wake wa shahada ya pili hapohapo Howard, alichunguza watoto weusi wanavyojitambua. Wawili hao walioana, wakaendelea na utafiti wakitumia wanasesere weupe na weusi, na mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilirejea kazi ya Clark ilipoamua kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mbinu za utafiti huo zimekosolewa baadaye, na ni haki zikosolewe. Lakini swali lilitoka kwa wanafunzi waliofundishwa kuchukua vyombo vya sayansi na kuvielekeza kwenye maisha wanayoyafahamu wao.

Maswali ya namna hiyo yapo tele huku kwetu, na baadhi yameguswa na wageni na kuachwa njiani. Robert Sternberg na wenzake walipowapima watoto 85 wa Usenge, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, walikuta waliojua vizuri dawa za mitishamba walielekea kupata alama ndogo katika vipimo vya msamiati wa shuleni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Je, familia huchagua mapema mtoto yupi aendelezwe kimasomo na yupi arithi maarifa ya nyumbani? Timu hiyohiyo ilipima wanafunzi wa shule za msingi karibu na Bagamoyo, ikawafundisha kidogo katikati ya kipimo kisha ikawapima tena, na alama zao zikapanda, ishara kwamba kipimo cha mara moja huwa hakionyeshi uwezo wote wa mtoto. Mwalimu wa saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu anaweza kufundisha mada nzima ya vipimo vya akili kwa kutumia tafiti hizi mbili tu, na wanafunzi wake, ambao muda si mrefu watakuwa mbele ya madarasa ya namna hiyo, wangekuwa na kitu cha kujaribu wenyewe.

Gharama ya vifaa, ambayo ndiyo kisingizio cha kawaida, haizuii. Kronoskopu ya Hipp ilihitaji fundi. Leo simu ya mkononi ya mwanachuo inapima sekunde kwa usahihi wa kutosha kwa mazoezi mengi ya mwaka wa kwanza. Jaribio la Stroop linahitaji karatasi na kalamu za rangi. Yaandikwe maneno nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa wino usiolingana nalo. Wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja ataje rangi za wino huku mwenzake akipima muda, halafu wabadilishane viti. Zoezi lirudiwe kwa Kiingereza, na kwa lugha ya nyumbani kwa wale wenye Kisukuma, Kijaluo au Kihaya chenye maneno ya rangi hizo. Lugha ipi itawachelewesha zaidi, ile waliyonyonya nayo au ile waliyofundishiwa? Na je, aliyesomea shule ya msingi ya Kiswahili atatofautiana na aliyesomea ya Kiingereza? Darasa la wanafunzi mia nne, ambalo kwa mhadhara ni mzigo, kwa swali hilo ni sampuli ambayo watafiti wengi wangeitamani, na kila aliyemo ana kalamu, simu na mwenzake wa kukaa naye.